Jinsi ya kuunga deki ya CD au DVD kwenye amplifaya ya nyumbani

Watu wengi bado wana CD za taarab, DVD za kwaya, video za harusi za wazazi na bongo movie zile zilizokuwa zinauzwa kwenye kava la karatasi, na sebuleni kuna amplifaya nzuri tu ambayo kazi yake siku hizi ni kupiga muziki wa simu kwa bluetuthi. Ukiuliza mbona deki haijaungwa unaambiwa ilikuwa haitoi sauti, au inakoroma, au fundi kasema imekufa. Kwa ninavyojua mimi, mara nyingi vyombo vyote viwili ni vizima, ila waya umeingia kwenye kitundu sicho, au waya uko sawa lakini setingi ya sauti ndani ya deki haiendani na waya huo. Hilo la setingi ndo linalowashinda wengi kwa sababu halionekani kwa macho, kwa hiyo nitalikalia muda mrefu kuliko mengine.

Naongelea amplifaya ya muziki yenye redio ndani, ile imeandikwa STEREO RECEIVER au AV RECEIVER mbele, iwe Yamaha, Denon, Pioneer, Onkyo, Sony, Kenwood, yoyote ile. Sabufa za kawaida nazo nitazigusa maana kanuni ni ileile.

Kwanza kabisa, umeme

Kama amplifaya au deki umenunua mtumba, usichomeke kwenye ukuta mpaka ugeuze nyuma usome kibandiko. Hapa kwetu umeme ni 230V. Vyombo vinavyokuja kwenye makontena kutoka Japani vingi vimetengenezwa kwa 100V, na vya Marekani ni 120V, na kwa macho vinafanana kabisa na vya Ulaya, jina lilelile, rangi ileile. Ukichomeka amplifaya ya 100V kwenye ukuta wa 230V unaipa umeme zaidi ya mara mbili ya inaotaka, na hapo ni fyuzi inakatika ukiwa na bahati, ukikosa bahati ni transfoma inaungua.

Soma maneno haya: kama imeandikwa AC 100-240V, iko salama, chomeka popote. Deki nyingi za DVD ziko hivyo. Kama imeandikwa 220-240V, au 230V, salama. Kama imeandikwa 100V peke yake au 120V peke yake, lazima upate transfoma ya kushushia umeme, alafu wati za hiyo transfoma ziwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, tena zizidi vizuri, sio kwa kubahatisha. Baadhi ya amplifaya zina swichi ndogo nyuma ya kuzungusha kwa bisibisi, upande mmoja 110-120 upande mwingine 220-240, hiyo izungushe waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Na usidhani kwa kuwa amplifaya ni ya 230V basi deki nayo ni hivyohivyo, soma kila chombo peke yake, hasa deki za CD za zamani.

Ukishajiridhisha, chomoa vyote kwenye umeme kabla ya kuanza kuunga. Kuchomeka pini wakati amplifaya imewaka na sauti iko juu kunatoa ule mlio wa "PAAH" ambao unaweza kupasua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Angalia nyuma ya deki, uone ina njia gani za kutolea sauti

Hapa usikimbilie dukani kununua waya. Washa tochi ya simu, angalia nyuma ya deki, alafu angalia nyuma ya amplifaya, tafuta kitu ambacho viwili hivyo vinacho kwa pamoja. Njia ni hizi.

Ya kwanza ni ile ya vitundu viwili vya duara, chekundu na cheupe, vimeandikwa AUDIO OUT au LINE OUT. Karibu kila deki ya CD na DVD inavyo. Nyekundu ni kulia, nyeupe (wakati mwingine nyeusi) ni kushoto. Pembeni yake kwa DVD kuna cha njano, hicho ni cha picha, kinaenda kwenye tivii na hakina sauti hata kidogo.

Ya pili ni kitundu kimoja cha duara kama hivyo hivyo lakini kimeandikwa COAXIAL au DIGITAL OUT, mara nyingi kina rangi ya chungwa au nyeusi. Hiki kinatoa sauti ikiwa bado ya dijitali, namba tupu, haijageuzwa kuwa mawimbi. Kwa hiyo ukikiunga kwenye kitundu chekundu au cheupe cha amplifaya utasikia kelele za ajabu au ukimya, kinatakiwa kiende kwenye kitundu cha COAXIAL IN tu.

Ya tatu ni kile kitundu cha pembe nne kinachoitwa OPTICAL, kina kifuniko kidogo cha plastiki au kimlango. Deki ikiwa imewaka, ukifungua utaona mwanga mwekundu ndani. Sauti inapita kwa mwanga huo, teknolojia ya Toshiba tangu 1983, na uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna shaba inayounganisha vyombo viwili, kwa hiyo mkoromo wa umeme haupiti huko.

Ya nne ni HDMI, hiyo wengi mnaijua kwa sababu ya tivii.

Kuna na ya tano kwenye deki kubwa kidogo, vitundu sita kwa mpigo, kila spika na chake: FL, FR, C, SL, SR na SW. Nitairudia mbele.

Uchague njia gani?

Hapa kuna maneno mengi sana mitaani, na wauza nyaya wanafaidika nayo. Ukweli ni kwamba inategemea unacheza diski gani.

CD ya muziki ina chaneli mbili tu, kushoto na kulia, biti 16 na 44.1 kHz, ndivyo ilivyo tangu ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982. Sauti hiyo inapita yote bila kupungua kwenye COAXIAL au OPTICAL, na ukitumia waya wa nyekundu na nyeupe pia unaipata yote, tofauti ni nani anageuza zile namba kuwa mawimbi. Kwenye nyekundu na nyeupe anayegeuza ni deki, kwenye dijitali anayegeuza ni amplifaya. Kama una deki ya CD ya maana na amplifaya ya kawaida, tumia nyekundu na nyeupe uiache deki ifanye kazi yake. Kama deki ni ile ya bei rahisi na amplifaya ni kubwa, tumia dijitali. Ukiweza jaribu zote, sikiliza kwa masikio yako, chukua unayoipenda, hakuna wa kukupangia.

DVD ni habari nyingine. Filamu nyingi za DVD zina sauti ya chaneli sita, 5.1 ya Dolby Digital au DTS (mifumo miwili ya kufungasha sauti kwenye diski): spika tatu za mbele, mbili za nyuma na sabufa. Hiyo haipiti kwenye waya wa nyekundu na nyeupe, maana ule unabeba chaneli mbili tu. Ukitaka spika za nyuma zifanye kazi kweli tumia COAXIAL, OPTICAL au HDMI.

Blu-ray ndo inadai HDMI, kwa sababu zile sauti kubwa za Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipiti kwenye OPTICAL wala COAXIAL, ukitumia hizo utapata Dolby au DTS ya kawaida. Bado ni nzuri, usivunjike moyo kama amplifaya yako ni ya zamani haina HDMI.

Kuhusu bei: kwa mita moja au mbili, waya wa kawaida wenye pini zinazobana vizuri unatosha. Na kitu ambacho wengi hawakijui, kama unataka waya wa COAXIAL na dukani hakuna, chukua ule waya wa njano wa AV uliokuja na deki, unafanya kazi vizuri kabisa, kwa kuwa waya wa picha na waya wa COAXIAL vyote vinatakiwa kuwa vya ohm 75.

Kuunga kwa nyekundu na nyeupe

Chomeka pini upande wa deki kwenye AUDIO OUT, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Upande wa amplifaya tafuta kundi la vitundu limeandikwa CD, DVD, AUX, LINE IN au TAPE IN, lolote kati ya hayo linafaa, kwa kweli kwenye amplifaya nyingi ni majina tu, ndani ni kilekile. Ukiunga kwenye CD itabidi uchague CD mbele, ukiunga kwenye AUX uchague AUX.

Kuna sehemu mbili usiunge. Moja ni PHONO. Hiyo ni ya pleya ya santuri, ambayo inatoa umeme mdogo mno wa sauti, milivolti chache tu, kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna saketi inayoukuza kama mara mia na kuongeza bezi. Deki ya CD inatoa mpaka volti 2. Ukiweka volti 2 kwenye kitu kinachosubiri milivolti 5, sauti inatoka imepasuka, bezi imejaa, na spika ziko hatarini. Nyingine ni TAPE OUT au REC OUT. Zimekaa palepale pembeni ya TAPE IN, rangi zilezile, lakini hizo zinatoa sauti, hazipokei. Ukiunga hapo utabonyeza vitufe vyote usisikie kitu.

Mwenye sabufa ya kawaida: kama nyuma ina nyekundu na nyeupe, fanya hivyohivyo. Kama ina kitundu kidogo cha pini ya simu, nunua waya wenye pini mbili upande mmoja na pini ndogo ya 3.5 mm upande mwingine.

Kuunga kwa dijitali

OPTICAL: toa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya, vinakuwa vyeupe au vinapitisha mwanga na ni rahisi kutoviona, watu wanasukuma waya na kifuniko chake wanashangaa hauingii. Geuza mpaka pembe zilingane na kitundu, sukuma mpaka usikie "tik". Usiukunje waya huu kwa nguvu wala kuupitisha chini ya mguu wa kabati, ndani ni uzi wa kupitisha mwanga na ukivunjika ndo basi.

COAXIAL: waya mmoja, deki COAXIAL OUT kwenda amplifaya COAXIAL IN.

HDMI: kutoka HDMI OUT ya deki kwenda HDMI IN ya amplifaya iliyoandikwa BD au DVD, alafu waya wa pili kutoka HDMI OUT ya amplifaya kwenda tivii. Picha inapita kwenye amplifaya, sauti inabaki humo. Angalizo kwa amplifaya za HDMI za mwanzoni: baadhi zilikuwa zinapitisha picha tu, sauti ya HDMI hazishiki, kwa hiyo ukiona picha ipo sauti hamna, ongeza waya wa OPTICAL au COAXIAL juu yake.

Sasa kuna kitu kinaitwa kupanga ingizo. Kwenye AV RECEIVER unaweza kuchomeka OPTICAL 1, ukachagua DVD mbele, usisikie kitu, kwa sababu kiwandani walipanga OPTICAL 1 iwe ya tivii. Ingia kwenye menyu, tafuta INPUT ASSIGN au DIGITAL IN, mwambie OPTICAL 1 ni ya DVD. Kwenye nyingine unaweza kuona jina dogo limeandikwa palepale pembeni ya kitundu, mfano "OPTICAL 1 (TV)", basi chagua TV mbele itasikika bila kuingia menyu.

Setingi ndani ya deki, hapa ndo kwenyewe

Ukishaunga, washa tivii na deki, toa diski, bonyeza SETUP kwenye rimoti ya deki. Deki nyingi haziruhusu kubadilisha haya mambo diski ikiwa inacheza, vitu vinakuwa vimefifia, ndo maana nasema toa diski kwanza.

Kama umetumia waya wa nyekundu na nyeupe, tafuta sehemu ya SPEAKER SETUP au DOWNMIX. Utakuta STEREO, LT/RT, na OFF au 5.1CH. Weka STEREO. Kama amplifaya yako ina Dolby Pro Logic na spika za nyuma, weka LT/RT, amplifaya itajitahidi kuchambua sauti za nyuma. Usiache OFF wala 5.1CH. Sababu ni hii: kwenye filamu ya 5.1 maneno ya waigizaji yanakaa kwenye chaneli ya kati, na deki ikiambiwa kuna spika ya kati wakati hamna, inapeleka maneno huko, kwa hiyo we unasikia muziki na milio ya magari vizuri lakini watu wanaongea kama wako chumba cha pili. Hili tatizo ni la kawaida mno, na watu wanabadilisha spika na nyaya bure wakati dawa ni kubonyeza STEREO.

Kama umetumia OPTICAL, COAXIAL au HDMI, tafuta DIGITAL OUTPUT au SPDIF. Kuna PCM, na kuna RAW au BITSTREAM. Ukiweka BITSTREAM deki inatuma Dolby au DTS kama ilivyo kwenye diski na amplifaya ndo inafungua. Ukiweka PCM deki inafungua yenyewe, na kwenye OPTICAL na COAXIAL inatuma chaneli mbili. Kwa hiyo kama amplifaya ina nembo ya Dolby Digital au DTS mbele weka BITSTREAM. Kama haina nembo hizo weka PCM, la sivyo filamu itakuwa kimya au itatoa kelele kama mvua kubwa kwenye bati. Ukiona kimeandikwa OFF, hapo dijitali imezimwa kabisa, washa.

DTS ina kasheshe yake. Deki nyingi za zamani haziwezi kufungua DTS zenyewe, zinaweza kuituma tu. Ndo maana unakuta DVD moja haina sauti kwenye waya wa nyekundu na nyeupe wakati zingine zote zinacheza. Bonyeza AUDIO kwenye rimoti, hamia kwenye sauti ya Dolby au ya PCM.

Kwa Blu-ray kuna moja zaidi: BD SECONDARY AUDIO au AUDIO MIX, izime. Ikiwa ON deki inachanganya sauti za menyu na za maelezo ya pembeni, na ili ifanye hivyo inaacha kutuma TrueHD na DTS-HD zenyewe, inatuma sauti ya chini yake, alafu unabaki kujiuliza mbona taa ya TrueHD haiwaki.

Wale wa vitundu sita: unganisha kila kimoja kwa jina lake kwenye MULTI CH IN au 6CH INPUT, chagua ingizo hilo mbele, na hapa ndo pekee ambapo DOWNMIX inakuwa OFF.

Kuwasha mara ya kwanza

Shusha sauti ya amplifaya mpaka chini. Kama deki ina kitufe chake cha VOLUME, ipandishe mpaka juu, uongeze na upunguze kwa amplifaya, ukifanya kinyume unasikia mchakacho wa amplifaya juu ya muziki. Weka CD unayoijua vizuri, ile ambayo unajua tarumbeta iko kulia na gitaa kushoto, chagua ingizo, pandisha taratibu. Kwenye amplifaya zenye vitufe vingi vya HALL na STADIUM weka STEREO au PURE DIRECT kwa ajili ya CD. Taarab ya zamani yenye fidla na kanuni ikipigwa kwenye STADIUM inaharibika, na inaniuma kuisikia hivyo.

Usiweke deki juu ya matundu ya kupumulia ya amplifaya. Joto la Dar au Mombasa peke yake linatosha, ukiongeza la amplifaya chini ya deki lenzi haikai muda mrefu. Deki iwe pembeni, au kwenye rafu yake.

Bado kuna shida?

Upande mmoja hausikiki: hamisha nyekundu na nyeupe upande wa amplifaya tu, kwa kubadilishana. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo ni waya au deki. Ukibaki palepale, ni amplifaya au spika. Hapo umeshapunguza kazi ya fundi nusu.

Inakwaruza ukigusa pini: sehemu za pwani hewa ya chumvi inakula vitundu, vinashika kutu nyembamba isiyoonekana. Chomoa umeme, ingiza na kutoa pini huku ukiizungusha, alafu pamba na alikoholi ya isopropili, mafundi simu wanayo. Usitumie thina, inayeyusha plastiki.

Inakoroma "mmmm" mfululizo: chomeka deki, tivii na amplifaya kwenye soketi moja ya kuongezea. Ukoromo ukibaki, chomoa waya wa dishi au antena nyuma ya king'amuzi usikilize, ukiisha basi unatoka huko, na kutumia OPTICAL kati ya deki na amplifaya mara nyingi kunasaidia. Kuna mafundi wanashauri kukata pini ya ethi kwenye plagi, usikubali, ile pini inalinda uhai wa watu wa nyumbani.

CD ya kuchoma yenye MP3 haisomeki kwenye deki ya zamani ya CD: ile deki haijui MP3, inajua CD ya muziki tu, kwa hiyo peleka ikachomwe upya kama AUDIO CD au icheze kwenye deki ya DVD.

Na VCD za karaoke, ambazo sauti ya mwimbaji inatoka spika moja na vyombo vinatoka nyingine, hizo zimetengenezwa hivyo makusudi. Bonyeza AUDIO au L/R kwenye rimoti ya deki: chaguo moja linakupa vyombo vitupu kwenye spika zote mbili uimbe mwenyewe, lingine linakupa mwimbaji.